Laptopu zenye nembo ya farasi: uchambuzi wa zawadi moja ya mwaka 2006

Wiki ya mwisho ya Desemba 2006, wanablogu kadhaa wa teknolojia waligongewa mlango na wasambazaji wa vifurushi. Ndani ya boksi mlikuwa na kompyuta mpakato ya Acer Ferrari, ile yenye mfuniko wa nyuzi za kaboni na nembo ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ikiwa tayari imewekewa Windows Vista Ultimate, toleo la juu kabisa la mfumo-endeshi mpya wa Microsoft. Waliotuma ni Microsoft wakishirikiana na AMD, waliotengeneza prosesa ya mashine hiyo. Laptopu ya aina hiyo iliuzwa kwa bei iliyozunguka dola 2,000 za Marekani, nyingine zaidi ya hapo. Vista Ultimate peke yake, ukiinunua dukani kama toleo kamili, ilikuwa dola 399.

Muda nao ulikuwa umepangwa vizuri. Vista ilikuwa imetolewa kwa makampuni tarehe 30 Novemba 2006, lakini mtu wa kawaida angeipata tarehe 30 Januari 2007. Kwa mwezi mzima, basi, watu wangekuwa wanauliza: ninunue au nisubiri? Na wale ambao wangewauliza ndio haohao waliokuwa wamepokea maboksi.

Nimekichagua kisa hiki, ingawa ni cha zamani, kwa sababu kinafanana na yanayotokea kila siku kwa wanablogu, na kwa sababu hakina jambazi. Hakuna aliyepewa bahasha gizani. Hakuna aliyeambiwa aandike sifa. Kama pangekuwa na mkataba wa siri wa kusifia, tusingekuwa na cha kuchambua. Huo ni udanganyifu, na kila mtu anaujua anapouona. Kazi ngumu ni kueleza ni nini hasa kilikuwa na kasoro pale ambapo kila mhusika angeweza kusimama na kusema kwa dhati kwamba hakuficha kitu.

Barua pepe na sentensi yake moja

Barua pepe iliyotoka kwa mfanyakazi wa Microsoft kwenda kwa wanablogu hao ilikuwa ya kirafiki. Iliwaeleza kwamba kampuni ingependa waandike uzoefu wao na mashine, ila hawalazimiki. Kisha ikawapa hiari juu ya hatima ya laptopu: wanaweza kuirudisha wakimaliza, wanaweza kuigawa kwa wasomaji wao, au wanaweza kukaa nayo kwa muda wowote watakao.

Hiari ya tatu ndiyo kiini cha kisa kizima. Ukiisoma haraka inaonekana ni ukarimu, hata ni namna ya kumheshimu mwandishi: wewe ni mtu mzima, amua mwenyewe. Ukiisoma polepole unaona imefanya nini. Imegeuza kifaa cha kazi kuwa mali, na uamuzi wa kukigeuza imemwachia mpokeaji. Kampuni haikusema "ni yako". Ilisema, kwa namna yake, ukitaka iwe yako hatutakuuliza. Ikitokea kelele, kampuni inaweza kusema ilitoa kwa ajili ya majaribio tu, na mwanablogu ndiye aliyeamua kukaa nayo.

Kelele zilitokea, na mapema. Ndani ya siku chache mjadala ulikuwa umeenea, na Microsoft ikatuma ujumbe wa pili: ili pasiwe na kutoelewana juu ya nia yetu, tunaomba mashine uigawe au uirudishe utakapokuwa huihitaji tena kwa ajili ya mapitio. Hiari ya tatu ikafutwa. Kwa kufutwa huko tunajua kwamba hata waliotuma waliona kasoro ilikuwa wapi. Ila ujumbe ule ulifika wakati baadhi ya wapokeaji walikuwa wameshaweka picha na shukrani hadharani, na wasomaji wameshaanza kuwaangalia kwa jicho jingine.

Niongeze jambo moja kuhusu hali ya hewa ya wakati ule. Oktoba 2006, miezi miwili tu kabla, ilikuwa imebainika kwamba blogu ya wasafiri wawili waliokuwa wakizunguka Marekani kwa gari la kulala na kuegesha kwenye viwanja vya maduka makubwa ya Wal-Mart ilikuwa imegharamiwa na kundi lililofadhiliwa na Wal-Mart yenyewe. Richard Edelman, mkuu wa kampuni ya mahusiano ya umma iliyokuwa nyuma ya mpango huo, alilazimika kuomba radhi. Wasomaji wa blogu walikuwa wametoka kuumwa na nyoka. Kuwapelekea wanablogu laptopu za dola 2,000 katika msimu huo, na kwa maneno yaliyolegea kiasi kile, kulionyesha kutojali.

Waliotetea walisema nini

Kuna hoja ya utetezi ninayoikubali bila shida. Mwanablogu anayeandika usiku baada ya kazi hana bajeti ya kununua kila kifaa kinachotoka. Gazeti kubwa linacho chumba cha majaribio na uhusiano wa miaka na watengenezaji. Yeye ana meza moja na mshahara wake. Akinyimwa vifaa kwa jina la maadili, mapitio yote yatabaki mikononi mwa wenye fedha, na msomaji atapoteza macho huru aliyokuwa ameanza kuyapata. Kwa hiyo sisemi kampuni zisiwapelekee wanablogu vifaa. Zipeleke. Lakini vifaa vinavyokwenda kwenye magazeti makini kwa ajili ya mapitio huwa vinaazimwa: kuna tarehe ya kurudisha, kuna karatasi ya kusaini, na baada ya wiki kadhaa mtu anakuja kuchukua boksi. Kitu cha kuazimwa kinampa mwandishi kila anachohitaji ili aandike, na hakimwachii chochote cha kushukuru. Hoja ya bajeti inahalalisha kuazima. Haivuki hapo.

Hoja ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, na ndiyo iliyorudiwa kuliko zote: mimi sinunuliki. Nimepokea laptopu, nimesema nimepokea, na nitaandika ninachokiona.

Joel Spolsky, mtengenezaji programu aliyewahi kufanya kazi Microsoft na mwenye blogu iliyosomwa sana miaka ile, aliijibu hoja hii kwa ukali. Kwake kitendo kile hakikutofautiana na hongo, kwa sababu hata pasipo masharti zawadi humfunga mpokeaji kwa deni la fadhila. Aliona pia kwamba hasara haiishii kwa aliyepokea: imani inapungua kwa blogu zote, hata za wale ambao hawajawahi kugongewa mlango. Kinachovutia ni kwamba Spolsky mwenyewe, miezi michache kabla, alikuwa amepewa simu na kampuni ya simu ya Sprint katika mpango wao wa kuwatumia watu wenye wasomaji wengi, na akaiandika vibaya bila huruma. Ushahidi, basi, kwamba mtu anaweza kupokea na bado akasema ukweli? Ndiyo, anaweza. Lakini msomaji hawezi kutumia ushahidi huo, kwa sababu hajui aliye mbele yake ni yupi. Wote wanaosema "sinunuliki" hutumia neno lilelile.

Tuliache neno, tutazame matendo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za madaktari takriban 280,000. Walilinganisha milo iliyolipiwa na makampuni ya dawa na dawa ambazo madaktari hao waliwaandikia wagonjwa. Daktari aliyepata hata mlo mmoja tu, ambao kwa wastani haukufika dola 20, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuandika dawa iliyokuwa ikinadiwa kuliko dawa nyingine za kundi hilohilo. Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha uhusiano na hauwezi peke yake kuthibitisha kisababishi, na waliouandika walilisema hilo. Hata hivyo ukikaa nao unashtuka. Hawa ni watu waliosoma miaka mingi, waliokula kiapo, na mlo ulikuwa chini ya dola 20. Ukimuuliza yeyote kati yao atakwambia hanunuliki, na atakuwa hakudanganyi. Mwanablogu amepewa dola 2,000.

Waswahili walishasema mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo hutumiwa kumkumbusha anayeomba. Hapa igeuzeni upande wa mtoaji: kampuni inajua mkono wenye kitu hulambwa, hata kama mlambaji hajijui.

Na kuna kitu chenye nguvu kuliko shukrani, nacho ni tumaini. Boksi la kwanza limeshafika; ukiandika vibaya hawalirudishi. La pili je? Orodha ya wanaotumiwa vifaa iko mikononi mwa kampuni, wala haimwambii mtu kwa nini jina lake limetoka. Mwandishi anayeketi kuandika "mashine hii inapoteza chaji haraka na programu yake inakera" anajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kuna bidhaa nyingine inakuja baada ya miezi sita. Hatabadilisha ukweli. Atalainisha. "Inakera" itakuwa "inahitaji kuzoewa". Chaji itahamia aya ya saba. Hapo ndipo uharibifu unapofanyika, katika kivumishi na mpangilio wa aya, mahali ambapo hakuna mkaguzi wa maadili atakayeweza kuweka kidole.

Je, kutangaza kunatosha?

Wengi wa waliopokea laptopu za Ferrari walitangaza. Kwa hilo wanastahili kusifiwa, na nasisitiza kwamba asiyetangaza yuko katika kundi jingine kabisa la kosa. Lakini mjadala mzima uliishia hapo, kana kwamba sentensi moja mwanzoni mwa makala, "nimepewa na Microsoft na AMD", inasafisha yote. Haisafishi.

Mwaka 2005 Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walichapisha jaribio ambalo nadhani kila anayepokea bidhaa za bure angepaswa kulijua. Waliwapa watu kazi ya kukisia thamani ya sarafu zilizomo ndani ya chupa. Mkisiaji aliiona chupa kwa mbali na kwa muda mfupi tu. Mshauri wake aliruhusiwa kuiona kwa karibu zaidi, kisha akampa ushauri. Baadhi ya washauri walilipwa kadiri mkisiaji alivyokisia kwa usahihi. Wengine walilipwa zaidi kadiri mkisiaji alivyokisia juu, yaani walikuwa na sababu ya kutia chumvi. Na katika kundi moja, mkisiaji aliambiwa waziwazi kwamba mshauri wako analipwa ukikisia juu.

Ungetegemea kutangaza kungeponya. Kilichotokea ni kwamba washauri ambao maslahi yao yalitangazwa walitia chumvi zaidi kuliko wale ambao maslahi yao yalifichwa. Kana kwamba walijiambia: ameshaonywa, ajihadhari mwenyewe. Wakisiaji nao walipunguza kidogo kutoka kwenye ushauri waliopewa, lakini hawakupunguza vya kutosha.

Rudi sasa kwa msomaji wa blogu Januari 2007. Amesoma kwamba mwandishi alipewa laptopu. Afanye nini na taarifa hiyo? Akate sehemu gani ya sifa? Nusu? Robo? Hana kipimo. Alikuja kwa mwandishi kwa sababu mwandishi ndiye mwenye macho ya karibu, na sasa anaambiwa apime mwenyewe uzito wa macho hayo. Kutangaza kumehamisha mzigo kutoka kwa aliyepokea kitu kwenda kwa asiyepokea kitu. Ni lazima kutangaza, lakini mzigo ule haukupaswa kuwapo.

Kilichopotea kwenye mapitio

Jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha wakati ule, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba zawadi yenyewe iliharibu jaribio.

Swali la wasomaji lilikuwa kuhusu Vista. Wengi wao walikuwa na kompyuta walizonunua mwaka mmoja au miwili kabla, au walikuwa wakiangalia mashine za bei nafuu dukani. Mwaka 2006 mashine nyingi za namna hiyo zilibandikwa stika iliyotangaza kwamba zina uwezo wa kuendesha Vista, na kiwango cha chini cha stika hiyo kilikuwa kumbukumbu ya muda (RAM) ya MB 512. Huko ndiko Vista ilikokwenda kuishi. Na huko ndiko ilikolemewa: mwonekano wake mpya wa Aero haukuweza kufanya kazi kwenye nyingi ya kompyuta hizo, na vifaa vya zamani kama printa vilikosa programu za kuviunganisha na Vista.

Waandishi waliijaribu kwenye mashine ya daraja la juu iliyochaguliwa na wauzaji na kuwekewa kila kitu na wauzaji. Hata mwandishi mwaminifu kuliko wote, aliyeandika kila alichokiona bila kulainisha neno, angekuwa ameandika ukweli wa kompyuta ambayo msomaji wake hatakuwa nayo. Angehitaji kuinunua Vista na kuiweka kwenye kompyuta yake ya zamani, ahangaike nayo usiku, ndipo amsaidie mtu.

Mwaka 2007 wanunuzi walifungua kesi kuhusu stika zile katika mahakama ya shirikisho huko Seattle. Kesi hiyo haikuwahusu wanablogu, na mwaka 2009 mahakama iliiondolea hadhi ya kuwa kesi ya pamoja. Lakini barua pepe za ndani ya Microsoft zilizowekwa wazi na mahakama zilikuwa na malalamiko ya Mike Nash, mmoja wa makamu wa rais wa kampuni, aliyenunua laptopu yenye stika na kujikuta na mashine ya dola 2,100 inayofaa kwa barua pepe tu. Tazama kiasi hicho. Karibu bei ileile ya laptopu ya Ferrari. Tofauti ni kwamba yeye alilipa mwenyewe, akachukua iliyokuwa dukani, na akaona kile ambacho mnunuzi angeona. Mapitio aliyoyaandika bila kujua kuwa ni mapitio yalikuwa na faida kubwa kwa msomaji kuliko mengi yaliyotoka kwenye mashine za bure.

Ndiyo maana Consumer Reports, taasisi ya Marekani inayopima bidhaa kwa ajili ya wanunuzi, tangu ilipoanzishwa mwaka 1936, imejengwa juu ya desturi ya kununua bidhaa inazozipima kama mteja yeyote, bila kujitambulisha, na kukataa matangazo. Mwanablogu wa kawaida hawezi kuiga yote hayo. Anaweza kuiga fikra iliyo chini yake: kifaa alichokichagua muuzaji kina jibu la muuzaji ndani yake.

Nani alibeba kosa?

Wengi waliwashambulia wanablogu, na baadhi ya mashambulizi yalikuwa na sura ya wivu. Mimi lawama kubwa naiweka kwa kampuni. Ndiyo iliyokuwa na wanasheria na uzoefu wa miongo wa kupeleka vifaa kwa wanahabari. Ilijua utaratibu wa kuazima. Ilichagua kuulegeza ilipofika kwa watu wasio na mhariri wa kuwauliza wala kanuni za chumba cha habari za kuwalinda.

Sheria ilikuja kukubaliana na mtazamo huo kwa kiasi. Desemba hiyohiyo ya 2006, maofisa wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, walikuwa wameeleza katika barua kwamba anayelipwa kuinadi bidhaa kwa mdomo anapaswa kulidhihirisha hilo. Oktoba 2009 tume ikarekebisha mwongozo wake, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, na safari hii wanablogu wakatajwa. Mmoja wa mifano iliyokuwamo ulikaribia kabisa kisa chetu: mwanafunzi wa chuo mwenye blogu ya michezo ya kompyuta anatumiwa na mtengenezaji mashine mpya ya michezo bure na kuombwa aiandike. Mwongozo ulisema mwanafunzi atangaze, na kwamba mtengenezaji naye ana wajibu wa kumwambia atangaze na kufuatilia kama amefanya hivyo. Mwaka uliofuata tume ilichunguza onyesho la mavazi la LOFT, tawi la Ann Taylor, ambako wanablogu waliahidiwa zawadi. Aliyechunguzwa alikuwa kampuni, si mabinti walioandika. Shauri likafungwa bila adhabu, kwa sababu, miongoni mwa mengine, kampuni ilikuwa imeshaandika sera ya kutangaza.

Lakini kwa anayepokea bidhaa bure, mwongozo huo ulidai kutangaza, si kurudisha, na nimeshaeleza kwa nini hapo hapatoshi. Kukaa na mali hakukatazwi.

Wanablogu je? Sidhani waliokubali mashine walikuwa watu wabaya. Mmoja wao aliamua kuipiga mnada kwa ajili ya hisani, na wengine walitangaza tangu mstari wa kwanza. Kosa lao lilikuwa kuisoma hiari ya tatu na kutoifuta wenyewe siku ileile. Jibu la mistari miwili lingewatosha: asanteni, nitaijaribu kwa wiki sita kisha nitairudisha, tafadhali tumeni lebo ya kurudishia. Aliyeandika hivyo hangehitaji ujumbe wa pili wa Microsoft, na wasomaji wake wasingepaswa kukata nusu wala robo.

Kwa upande wa kampuni, barua ya kwanza ingeweza kubaki karibu kama ilivyokuwa. Tungependa uijaribu Vista. Huna wajibu wa kuandika. Ukiandika, sema umeazimwa na sisi. Kama ungependa kuijaribu kwenye kompyuta yako mwenyewe, tutakutumia diski. Mashine tutaifuata tarehe 28 Februari.